Barafu Uliyonipa Nionje

Mpendwa Mama Divine,

Nimekuita mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo, usijidanganye. Najua uko Kamanyola, mwaka wa pili sasa, na namba yangu umeifungia. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Kabla sijakutumia, nimewaomba mama wa shirika letu hapa Muhungu, Bukavu, wale tuliosali nao nyumba kwa nyumba mimi na wewe, waisome kwa sauti siku ya Alhamisi baada ya rozari. Wewe ulinisema mbele yao nikiwa sipo. Leo na mimi nakusema mbele yao ukiwa hupo.

Lakini nianze na mazuri, wasije wakasema nimesahau.

Unaukumbuka ule mfuko wa ndizi? Mama mkwe wako alikutumia kutoka Walungu, ndizi zile ndogo tamu, mfuko mzima, zikaiva zote siku moja kana kwamba zilipeana habari. Divine alikuwa na miaka minne. Ulipanda kwangu na beseni kichwani, jasho linakutoka, ukaliweka mlangoni kwa hasira.

"Marraine, angalia hii mambo! Zote ziliiva leo. Maganda ni meusi. Miye minatupa."

"Usitupe," nilikuambia. "Hizi njo tamu zenyewe."

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukazimenya zote. Tukazikata vipande, tukavitandaza kwenye sinia, nikaliingiza kwenye friza yangu. Kesho yake umeme haukuwepo wa kuzungushia mashine, basi tukavitwanga kwenye kinu cha sombe, kile cha majani ya muhogo, tukachanganya na parachichi moja lililolegea na maji ya maracuja, yale matunda ya pasheni. Tukajaza vikombe vya yaghurti nilivyokuwa nimevitunza, tukachomeka vijiti, tukarudisha kwenye baridi. Jioni Divine alilamba ya kwanza, akalamba kijiti, akalamba kikombe, kisha akauliza ni sukari kiasi gani tuliweka. Nilipomwambia hakuna sukari hata chembe, aliniangalia kama mwongo. Mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake, mimi ni marraine wake, na sijawahi kumdanganya. Weka hilo akilini, tutafika.

Tuliharibu pia, sikatai. Ile wiki uliyogandisha ndizi na maganda yake ili upumzike kumenya! Zilitoka nyeusi na ngumu, maganda yameshika, tukawa tunayakwangua kwa kisu na kucha hadi vidole vikafa ganzi, na wewe unacheka badala ya kusema pole. Na ile nyingine nilipokosa subira na maembe ya Kamanyola, nikayaponda bila kuyachuja, watoto wa jirani wakatoka na nyuzi kwenye meno yote. Tuliwachomolea mmoja mmoja na sindano.

Nilikufundisha kila kitu nilichojua. Kwamba ndimu kidogo inazuia parachichi kubadilika rangi. Kwamba ganda la nanasi linachemshwa na tangawizi na maji yake ndiyo yanayolegeza tunda zito. Kwamba mapapai yanataka chumvi, nukta tu. Na nilikufundisha pua. Ganda jeusi si kitu, nilikuambia, tunda lililoiva kupita kiasi na tunda lililooza ni vitu viwili. Nusa pale kwenye kikonyo. Likinuka asali, chukua. Likinuka pombe, toa. Ulikuwa na pua nzuri kuliko yangu, nakupa hiyo. Tukiwa soko la Kadutu jioni, wamama wakipanga kufunga, wewe ndiye uliyeinama juu ya mafungu yaliyobaki na kusema hili ndiyo, hili hapana, hili mpe mbuzi. Tulinunua. Sikia, Mama Divine, na mama wa shirika wasikie: tulinunua, sisi wawili, mchana kweupe, na wauzaji walitujua kwa majina ya watoto wetu.

Halafu lile jambo la kabine mbili, ambalo hadi leo likinijia nacheka, na nikishacheka nakasirika. Nyumba yangu iko juu ya barabara, yako ilikuwa chini, na umeme wetu ulitoka kwenye kabine mbili tofauti, kila moja na transfoma yake. Kwangu ukikatika, kwako upo. Kwako ukikatika, mara nyingi kwangu unarudi. Watu wengine walilaani zamu hizo, sisi tulizifanyia kazi. Barafu zilikuwa zinahama. Asubuhi ziko kwako, saa nane naona taa yako imezimika, naita kutoka ukutani, kwa jina tulilozipa barafu: "Mama Divine, leta bagonjwa!" Nawe unapanda na beseni limefunikwa blanketi la mtoto, unavuka barabara, unapanda zile ngazi za udongo sitini, ukiteleza na kumtaja Bikira Maria, na mlinzi wa nyumba ya jirani anauliza nani amefariki. Kesho mimi nakushukia. Hatukupoteza hata barafu moja kwa mwaka mzima. Ilitaka watu wawili wanaoaminiana, kwa sababu kazi yote ilikuwa nusu ya siku mikononi mwa mwingine.

Ndiyo maana siwezi kukusamehe. Angenisema mtu wa mbali ningekunja uso siku mbili, nikaendelea na kazi.

Ulianza lini kuniona adui? Nimejiuliza sana, na jibu ninalopata ni dogo mpaka linanitia aibu kwa niaba yako. Parokia ilipotaka mtu wa kutayarisha barafu za matunda kwa sherehe ya komunyo ya kwanza, padri alilitaja jina langu peke yake. Alisema "Madame Mwalimu", kwa vile nafundisha biolojia kwenye sekondari na ananijua kwa hilo. Hakukutaja. Lilikuwa kosa lake, si langu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba tutafanya wote kama siku zote. Hukuningoja nikuambie. Alhamisi hiyo mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, sikuja kwenye sala, na wewe ulisimama mbele ya mama wote ukasema:

"Munajua pale anatoa yale matunda? Ku poubelle ya soko ya Kadutu. Miye niliona na macho yangu. Batoto benu banakula bintu bya kuoza."

Pipa la takataka! Macho yako yaliona nini, Mama Divine? Yaliniona nikichagua pamoja na wewe.

Niliipata habari Jumamosi, kutoka kwa mama aliyenirudishia barafu zake kwenye kikapu, zikiwa zimeyeyuka, akisema mume wake amekataa. Alikiweka mezani bila kukaa. Kufikia Jumatatu, mwanangu Christian alikuwa ameshapewa jina darasani. Poubelle. Mtoto wa miaka tisa, anaitwa Poubelle na watoto waliokuwa wakimkimbilia kuuliza kama nimeweka maracuja. Aliacha kubeba chakula shuleni, kwa sababu kila alichotoa kwenye mfuko walikinusa kwanza. Alinikondea mbele ya macho. Usiku nilimsikia akimuuliza dada yake kama ni kweli. Dada yake! Hakuthubutu kuniuliza mimi.

Na kazi ya komunyo? Walikupa wewe. Ulikubali.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo hakuna anayeijua.

Ijumaa kabla ya ile Jumapili nilipita mbele ya uwanja wako nikitoka kazini. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani, juani, niliona bidoni tatu za njano, madumu ya plastiki, na kwenye mpini wa kila moja kamba ya majani ya ndizi iliyosukwa. Nilizijua. Ni bidoni za mama mkwe wako, zile anazotengenezea kasiksi, pombe yake ya ndizi ambayo Walungu nzima inamsifia. Alikuja kwa ajili ya komunyo ya mjukuu wake na alizileta tupu, nawe, kwa harufu iliyonifikia mlangoni, ulikuwa umezijaza maji ya ndizi mbivu kwa sababu beseni zako zilikuwa hazitoshi watoto wote wa parokia. Ulizisuuza, najua. Lakini bidoni iliyolaza kasiksi miaka mingi haiishi chachu yake kwa kusuuzwa. Kila mwaka nawafundisha hilo wasichana wa mwaka wa nne, na mfano ninaotoa ni huohuo, kwa sababu kila mtoto wa huku kwetu Bushi ana bibi mwenye bidoni.

Na umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, juu na chini, kabine zote mbili. Maji matamu ya ndizi, chachu, jua, siku mbili. Nilisimama pale mlangoni nikahesabu moyoni. Ndani nilikusikia ukikohoa na kupiga chafya. Nikaendelea na safari yangu.

Unaweza kusema sikuwa na hakika. Nimejiambia hivyo mwenyewe miezi mingi. Jumamosi mchana umeme ulirudi, ukagandisha, na nilidhani labda baridi imewahi.

Jumapili tukatoka kanisani. Uwanja wa parokia umejaa, watoto wamevaa nguo nyeupe, Divine na taji la maua, mzuri mpaka nilisahau kidogo kwamba sikusemeshi. Mama wa shirika wako mezani, wote wale walionirudishia vikapu. Nawe ukatoka nyuma na sinia la kwanza, ukawapita wote, ukaja moja kwa moja hadi niliposimama peke yangu chini ya ukuta. Pua yako ilikuwa nyekundu. Kila mtu aligeuka kuona.

"Marraine," ulisema, na kwa sauti, ili wasikie, "niko na mafua tangu siku ine. Sisikie harufu, sisikie utamu. Onja kwanza. Njo wewe ulinifundisha hii kazi, bote bajue."

Niliomba kwa Mungu miezi mitatu nikusikie ukisema maneno hayo mbele ya watu hao. Ukayasema. Hukuongeza pardon, lakini nilikujua vya kutosha, ile ndiyo ilikuwa pardon yako yote. Ulinipa barafu mkononi.

Kabla haijafika mdomoni nilijua. Haikuwa imeshika vizuri. Kijiti kililala upande, na barafu yetu haikuwahi kulala. Nikalamba. Utamu ulikuja kwanza, kisha nyuma yake ule uchungu mdogo unaochoma ulimi, na harufu ikanipanda puani, ileile niliyokufundisha kuikimbia. Nilikuangalia. Ulikuwa unasubiri uso wangu ukuambie.

Nilimwona Christian nyuma yako, amekaa peke yake kwenye benchi ya mwisho.

"Iko muzuri," nilisema. "Peleka."

Ukacheka kwa furaha. Ukanishika bega.

Kilichofuata unakijua, lakini nikuambie jinsi kilivyoonekana kutoka ukutani. Watoto walikula mbili mbili, tatu tatu, tumbo tupu kwa sababu ya kufunga kabla ya komunyo. Nusu saa hivi wakaanza kucheka bila sababu. Msichana mmoja aliimba wimbo wa kwaya huku amevaa kiatu kimoja. Mvulana alilala kwenye mapaja ya padri, mwingine akatapikia nguo yake nyeupe, mama yake akapiga kelele. Na ndipo mama mkwe wako, aliyekuwa amekataa baridi kwa sababu ya meno yake, akachukua moja kuona kuna nini. Alinyonya. Akafumba macho. Akanyonya tena.

"Yee!" alisema, uwanja mzima ukimsikia. "Lakini hii njo kasiksi! Hii njo kasiksi yangu!"

Samahani, lakini hapo nilicheka. Niligeukia ukuta nikacheka mpaka machozi.

Walikuzunguka. Wengine walisema uliweka pombe makusudi ili watoto wazipende, wengine walisema ulikuwa umelewa mwenyewe ulipotengeneza. Kila mmoja alikuwa na lake. Ulikuwa unageuka huku na huku, ukalia, ukanyoosha mkono upande wangu.

"Marraine alionja! Muulizeni! Marraine alionja!"

Wote wakanigeukia. Mama walewale. Nikafuta mdomo, nikasema polepole, kwa sauti ya darasani:

"Ile niliyoonja ilikuwa nzuri. Za wengine sijui alizitoa wapi."

Nilichagua maneno hayo. Alizitoa wapi. Nilitaka uyatambue, na niliona kwamba umeyatambua. Ulishusha mkono. Hukujitetea tena, na kabla ya mvua kuanza mlikuwa mmehamia Kamanyola.

Sasa nikuambie ninavyojisikia, kwa kuwa barua za namna hii zinataka hivyo. Kwa ajili yako, sijutii. Nimejaribu. Nimepiga magoti, nimejaribu kujuta kwa ajili yako, na kila nikianza namwona Christian akinusa mkate wake mwenyewe kabla ya kuula. Ulionja ulichonilisha. Nililala vizuri usiku wa Jumapili ile, kwa mara ya kwanza tangu Kadutu, na nikuambie ukweli, nililala vizuri miezi mingi. Jina langu lilirudi. Mama wa shirika walianza tena kunitumia watoto na vikapu, wakasema kumbe Madame Mwalimu alisingiziwa. Kila sifa waliyonipa ilikuwa na jina lako chini yake, limekanyagwa, na niliipokea kwa mikono miwili.

Nafanya peke yangu siku hizi. Kwa kabine moja, umeme ukikatika saa kumi hakuna mtu wa chini wa kunipokelea. Mwezi uliopita nilimwaga masinia mawili ya papai. Sikukumbuka ubaya wako siku hiyo, nilikumbuka blanketi. Haibadilishi kitu.

Nisingeandika barua hii kamwe kama Divine asingepiga simu.

Alipiga wiki iliyopita kwa simu ya rafiki yake, wewe ukiwa sokoni. Sauti imekuwa ya msichana mkubwa, sikuitambua mara moja. Aliniambia mtoto mmoja wa Bukavu amehamia shuleni kwao na ameleta habari pamoja na sanduku lake.

"Marraine, ku masomo bananiita Kasiksi," alisema. "Minataka kuuliza tu. Maman aliweka pombe makusudi?"

Nilikuambia pale mwanzo, sijawahi kumdanganya mtoto huyo. Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema sijui. Nikamweleza yote: bidoni, mafua yako, sinia, ulimi wangu, "peleka". Nikasikia pikipiki zikipita kwenu.

"Basi maman hakudanganya."

"Hapana. Siku ile hakudanganya."

"Na Christian? Bado banamuita Poubelle?"

"Waliacha."

"Sababu balipata miye," alisema. Hakulia. Aliuliza tu, kwa adabu, jinsi anavyouliza mtoto uliyemlea vizuri, nakupa na hiyo: "Sasa Marraine, nani atabaambia?"

Simu ikakatika, au aliikata.

Hilo ndilo linaloniuma, Mama Divine, na ningependa ulijue kwa sababu litakufurahisha. Nilikuwa nimeshinda. Ningeweza kuzeeka nikiwa nimeshinda. Jina lile lilianzia hapa. Ili limtoke Divine, lazima mama wote wa Muhungu wasikie Alhamisi kwamba hukuweka pombe, kwamba uliomba kuonjewa, na kwamba mwalimu wa biolojia alijua kwa ulimi wake na akawapelekea watoto wao. Baada ya hapo vikapu vitarudishwa tena mlangoni kwangu na barafu zilizoyeyuka, na safari hii hakutakuwa na uongo ndani yake. Hakuna njia ya kumsafisha mtoto bila kukusafisha wewe, nimeitafuta wiki nzima, na nakuchukia kwa hilo kuliko kwa Poubelle.

Ukiipata barua hii, mpe Divine aisome kwanza. Ukitaka kunijibu, usijisumbue.

Ubaki na afya huko kwenye joto,

Marraine wa Divine. Wako, hapana.